Ndoo ya Utupa

Kijiji chetu cha ujamaa, juu kidogo ya Lukozi, kilipochimba bwawa la samaki, mimi nilikuwa naandika daftari la mimea. Hakuna aliyenituma. Niliishia darasa la saba, nikaogopa kwamba nisipojifundisha mwenyewe nitasahau hata nilichonacho.

Nilianza na utupa kwa sababu ulikuwa uani kwetu. Ni kichaka kinachonizidi kimo kidogo. Vijani vyake ni laini, vimepangika viwili viwili, na kimoja husimama peke yake kwenye ncha. Maua yanafanana na ya kunde, ila ni makubwa na yamesongamana. Ganda lina manyoya ya kahawia. Nilihesabu vijani vya tawi moja: kumi na tisa. Tawi la pili: ishirini na kimoja. La tatu: kumi na saba. Nikachana kurasa tatu. Tena kichaka kimoja kilitoa maua meupe, kingine ya zambarau. Bibi alisema wenye nguvu ni ule mweupe. Bwana shamba alisema yote ni sawa. Sikujua niandike ya nani.

Kwa hiyo mama aliponiambia nitwange majani nimwoshe ndama kupe, nilichanganya ya vichaka vyote viwili. Kupe walidondoka. Kisha, kwa kuwa sivumilii chombo kichafu, niliisuuza ndoo mara tatu kwenye mfereji.

Mfereji ule ndio unaojaza bwawa. Asubuhi perege walielea, matumbo juu.

Watu walikusanyika ukingoni, na aliyesimamishwa katikati ni jirani yetu, mzee mlinzi wa bwawa. Kila mtu alijua kwamba ujanani alivua mtoni kwa utupa, ambao hulevya samaki. Mguu wake ni mbovu. Ulinzi ndiyo kazi pekee aliyoiweza.

"Kama ni yeye, mbona sufuria yake kavu?" mama mmoja aliuliza. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Ndoo moja tu, na maji yamepita kwenye magimbi ya watu wangapi? Huenda si mimi. Nilitaka kwanza niwe na uhakika. Ndipo mwenyekiti akanyoosha mkono apewe filimbi ya ulinzi.

"Shikamoo, mwenyekiti. Niliosha ndoo ya utupa mferejini."

"Marahaba," alijibu.

Mzee ndiye aliyeuliza: "Mweupe au wa zambarau?"

"Yote miwili, babu."

"Basi hata mimi sijawahi kuvua kwa fujo hiyo."

Nilipewa msaragambo, kazi ya kijiji, wa siku tatu, kusafisha bwawa peke yangu. Mzee alikaa ukingoni, filimbi shingoni.

"Binti," aliniambia, "hata mtoto anajua maji ya utupa humwagwa migombani."

Nilijua. Nilijua tangu utotoni, ila siku ile niliwaza usafi wa ndoo tu. Daftarini nimeacha mstari mtupu chini ya neno utupa. Hata sasa sijui kama ndoo moja inatosha kuua bwawa zima, na naona aibu kuandika nisichokijua.