Makofi Sita ya Baba

Juzi Jumamosi mjukuu wangu alinikalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja wa mpira wa kikapu hapa Kitale, akanifunika magoti kwa leso, akaniambia, "Kukhu, bibi yangu, leo usilale." Nisingelala hata kama ningetaka. Wazazi wa siku hizi wana kelele kuliko watoto wanaocheza. Kila mama amebeba chupa ya maji, ndizi, taulo na dawa ya kukanda misuli, utadhani mtoto anakwenda vitani. Baba mmoja alikuja na filimbi yake mwenyewe, ingawa refa alikuwapo na alikuwa na yake. Binti yake akikosa, anamfokea kocha. Akifunga, anatugeukia sisi wote kana kwamba ni yeye aliyeruka.

Siwacheki sana. Nami niliwahi kuwa msichana wa timu, na kwa sababu ya timu hiyo nilikuwa na neno moja rohoni ambalo sikuwahi kulisema. Mwenye kustahili kuambiwa alikuwa ameketi kiti cha pili, ameshika mkongojo, anatafuna njugu taratibu kwa meno machache aliyobaki nayo. Namwita binti wa jirani hadi leo, ingawa ana vitukuu. Nilikuwa nimemtoa kwake Lugulu kwa gari la mwanangu, nikisema aje aone watoto wakicheza. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwambia lile neno kabla mmoja wetu hajaondoka duniani, maana umri wetu si wa kuahirisha mambo.

Acha nikueleze lilivyoanza, rafiki yangu.

Enzi hizo za mkoloni, shule yetu ya misheni ilikuwa kwenye kilima upande wa Lugulu, na mchezo wa wasichana ulikuwa mpira wa pete. Ni ndugu wa huu wa kikapu, ila kule hukimbii na mpira, wala hakuna ubao nyuma ya pete wa kukusaidia. Unasimama, unalenga, unarusha, na ukikosa umekosa. Pete yetu ilikuwa ukanda wa chuma wa pipa uliokunjwa na fundi baiskeli, umefungwa juu ya mti wa mkalitusi. Mpira ulikuwa wa ngozi, na mpira wa ndani ulipotoboka tuliujaza matambara tukaendelea. Sketi zilikuwa za kitambaa cha marekani, zimetiwa wanga wa muhogo mpaka zinakwaruza mapaja.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na mteremko. Mpira uliopotea upande wa chini ulibingirika hadi mtoni, na mtu akashuka kuutafuta kwenye matete huku wengine wakimsubiri. Kwa hiyo tulifanyia mazoezi ya kufunga kwenye mlingoti wa juu peke yake. Muhula mzima nilirusha mpira kuelekea mlimani. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na Mwalimu alipenda kutuambia kwamba mcheza kwao hutuzwa.

Mwalimu huyo alikuwa mama mfupi, mwembamba, mwenye hatua za haraka. Kumtoa msichana nyumbani siku ya Jumamosi haikuwa kazi ndogo, kwa sababu msichana ndiye aliyechota maji, kusaga, kulea na kupalilia. Mwalimu alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, na alikuwa na desturi yake. Akifika hakuketi. Aliomba jembe, akaingia shambani, akapalilia mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo akafungua mdomo. Ni mzazi gani angemfukuza mtu aliyekwisha kumpalilia?

Alipokuja kwetu mtama ulikuwa unakomaa, na nyanya yangu, aliyenilea, alikuwa amekaa chini ya dungu, lile jukwaa la miti tunalokaa juu yake kuamia ndege, kuwafukuza kwa kelele na kombeo. Alimwacha Mwalimu amalize mstari wake, tena akamwonyesha majani aliyoyaruka.

"Hiyo mpira inakuliwa?" akamuuliza.

"Haikuliwi, mama."

"Na ndege je? Ndege anajua ati leo ni siku ya mpira?"

Mwalimu akamweleza kanuni ya timu yake. Safari ikitokea, anayebaki anashika kazi ya anayekwenda. Kama mimi nakwenda, msichana aliyekosa nafasi yangu atapanda dungu letu na kulinda mtama wetu kama wake. Kama anakwenda yeye, nitalinda wa kwao. Hivyo timu ile haikuwa wasichana peke yao; nyuma yake zilikuwapo nyumba zetu zote, zinazojuana na kudaiana vibarua.

Nyanya akafikiri, akatema mate pembeni. "Basi niretee mwenye sauti," akasema.

Mwenye sauti alikuwa binti wa jirani. Kanisani aliimba mpaka mabati yakaitikia. Kwa kurusha mpira tulikuwa sawasawa, ila yeye alikuwa na bidii ya ziada: nyumbani kwao alitundika kikapu kwenye ukuta wa ghala, juu ya ule uwanja uliosiribwa wa kupuria wimbi, akawa anarushia hapo mpira wa majani makavu ya migomba kila jioni, huku mama yake akimwita aje asonge ugali.

Habari zikaja kwamba tumealikwa Kitale kucheza na wasichana wa shule moja ya huko. Mwalimu alitaka mfungaji mmoja zaidi. Akatusimamisha sisi wawili, kila mmoja arushe mara ishirini. Tukatoka sare. Tukarudia, tukatoka sare tena. Akachoka. Akasema, "Nendeni mkaelewane. Kesho mniletee jina moja."

Tulikaa kwenye jiwe kubwa njiani. Sasa nikuambie kwa nini nilitaka Kitale kufa na kupona. Baba yangu alikuwa kibarua katika shamba la mahindi la mzungu, upande wa Saboti, na nilikuwa sijamwona tangu mavuno mawili yaliyopita. Nilikuwa nimeanza kusahau sura yake. Nikimkumbuka, nalikumbuka koti lake la jeshi kwanza, halafu ndipo najaribu kuweka uso juu yake. Nilimwambia binti wa jirani hayo yote, nikalia, na sitasema kwamba machozi yale hayakuwa na ujanja ndani yake.

Alichora chini kwa kidole cha mguu. Yeye pia hakuwa amewahi kufika Kitale. Mwisho akasema, "Enda wewe. Baba ni baba. Mimi nitaenda hiyo ingine."

Tulipanda lori la Mhindi mwenye duka, juu ya magunia, na chakula cha kila nyumba kikiwa mapajani mwetu: viazi vitamu, njugu za kukaanga, ndizi, kibuyu cha maziwa lala ambacho kilimwagikia sketi ya mwenzetu mmoja kabla hata hatujatoka kilimani. Tuliimba mpaka Kiminini. Mashamba ya wazungu yalianza, mahindi bila mwisho, na mlima Elgoni umekaa kushoto kwetu umejifunika mawingu. Nyanya alikuwa amempa dereva ujumbe tangu juma lililopita, aufikishe kwa baba. Njia nzima nilijiuliza kama umefika.

Kiwanja cha Kitale kilikuwa bapa kama meza. Wenyeji walivaa raba nyeupe. Sisi tulikuwa na nyayo zetu. Nilipopata mpira wa kwanza nilisimama vizuri, nikalenga vizuri, nikarusha kama nilivyozoea. Mpira ukapita juu ya pete, ukaenda zake. Wa pili vivyo hivyo. Mikono yangu ilikuwa imejifunza mlima, na hapa mlima haukuwapo. Kadiri nilivyotaka kuirekebisha ndivyo ilivyozidi kunikataa. Nilimwona Mwalimu amefumba macho.

Ndipo niliposikia makofi. Mtu mmoja tu, nyuma ya watu, anapiga makofi mazito kama anayepasua kuni. Nikageuka. Koti la jeshi, na juu yake ule uso, ambao ajabu sikuwa nimeusahau hata kidogo.

"Huyo ni wangu!" alikuwa akiwaambia watu. "Huyo mrefu! Ni wangu, bana!"

Nikarusha tena, ukapita juu. Akashangilia. Ikanichukua muda kuelewa. Baba hakuwa ameuona mchezo huu maisha yake yote. Alidhani kazi yetu ni kuupitisha mpira juu ya mlingoti, na anayeurusha juu zaidi ndiye hodari. Makofi mara sita, kwa mipira sita niliyopoteza. Tulishindwa vibaya, na kati ya mabao machache tuliyopata hakuna hata moja lililokuwa langu.

Baadaye alinishika bega kwa mkono wake uliojaa sugu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na nyapara alitaka arudi siku hiyo hiyo. Akanipa sukari ya kumpelekea nyanya na kipande cha sabuni, akanitazama juu hadi chini.

"Umerusha juu kupita wote," akaniambia. "Yule mwenzako anajaribu, lakini yake inakwama kwa hiyo chuma."

Ungekuwa wewe ungemsahihisha? Mimi sikuweza. Alikwenda akasimulia shamba zima, na hadi anakufa aliamini kwamba binti yake alikuwa bingwa Kitale. Kwa hilo sijuti. Ninalojutia ni la kesho yake.

Tulirudi Jumapili mchana. Nilikwenda moja kwa moja shambani. Alikuwa juu ya dungu, amejifunga leso kichwani, kombeo mkononi, madebe yamening'inia kwa kamba hadi mwisho wa shamba letu na la kwao pia, maana aliyalinda yote mawili. Hakuna suke lililoguswa. Aliponiona alifungua mdomo aniite, ikatoka pumzi tupu. Ile sauti iliyotikisa mabati ilikuwa imekwisha, imeishia kwa shomoro wa nyanya yangu.

"Urifunga?" akanong'ona.

Nilijua anachouliza. Alikuwa amenipa nafasi yake na sauti yake, anataka kujua zimekwenda wapi. Tena nilijua jambo jingine lililoniuma zaidi: yeye, aliyezoea kikapu cha ghalani kwenye uwanja ulio sawa, angefunga. Nikasema, "Tulishindwa. Lakini baba alinipigia makofi mara sita."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uwongo. Uso wake ukachanua. Akachukua fimbo, akaligonga debe mara sita, akihesabu kwa midomo, na ndege wakaruka kutoka mashamba yote mawili.

Zamu yake haikufika. Muhula uliofuata mama yake aliugua, mwenzangu akaondolewa shule kuwalea wadogo zake, na baadaye kidogo akaolewa. Mwalimu naye alihamishwa, aliyemfuata hakupenda mpira, na mlingoti wa juu ukakatwa kuni. Mimi niliendelea na masomo. Kila tulipokutana sokoni au msibani, neno lile lilinipanda kooni na kila mara nililimeza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu nimeitembea mpaka nimeota mvi.

Basi hiyo juzi nilikuwa nimeketi naye kando ya uwanja, na mtama wenyewe haupo tena. Kilimani kote ni miwa na mahindi, na kiwanja chetu kimejengwa nyumba za walimu. Hakuna mtoto anayejua dungu ni nini. Wazazi hawa wana mapenzi, siwezi kuwanyima hilo, lakini kila mmoja ana mapenzi na wake tu. Sijaona aliyelinda shamba la mwenzake. Nikavuta pumzi, nikamgeukia. "Dada," nikaanza, "siku ile ya Kitale..."

Wakati huo huo mjukuu wangu akapata mpira. Akasimama vizuri, akalenga vizuri, akarusha. Mpira ukapita juu ya pete, ukapita hata juu ya ubao, ukaangukia kwenye maua. Wazazi wote wakaguna. Baba mwenye filimbi akashika kichwa.

Mtu mmoja tu akapiga makofi. Aliweka mkongojo mapajani, akapiga kwa nguvu zote za mikono yake mikavu, huku akitabasamu mbele yake bila kunitazama.

"Kwa nini unapiga makofi?" nikamuuliza.

"Si ndivyo baba yako arikuwa anafanya?"

Nilihisi damu ikinipanda usoni kama msichana. "Ulijua lini?"

"Jumatatu yake, kisimani. Wenzako wariniambia yote."

"Na hukusema neno? Miaka yote hii?"

Akatafuna njugu yake, akaimeza kwanza. "Ningesema nini? Urienda kumwona baba, na urimwona. Mimi nirikupa nafasi ya kumwona baba. Ya mpira ni wewe tu urikuwa unaihesabu."

Nikalia hapo hapo kwenye kiti cha plastiki, mbele ya wazazi wa watu, na safari hii machozi hayakuwa na ujanja wowote. Mjukuu wangu alikuwa ameupata mpira tena. Alitutupia jicho, akarusha, na mpira ukapita juu ya pete kama ule wa kwanza. Tukapiga makofi, bibi wawili, mpaka watu wakageuka kutuangalia.