Spika ya Upande wa Babu

Wiki iliyopita zimeshushwa kutoka Suji, kwetu milimani, zimelazwa juu ya magunia ya viazi kwenye pikapu na kufunikwa blanketi kama wagonjwa. Spika mbili ndefu, nyembamba, kila moja karibu ukubwa wa mlango wa stoo. Bibi tulimzika mwaka jana, na ndugu zangu walipokuwa wanagawana vyombo wakaona hizo hazina wa kuzichukua ila mimi, mwenye kibanda cha ufundi hapa Same. Nilipofungua nyuma ya ile ya kulia, harufu ya moshi ikanipiga usoni. Miaka yote hiyo, na bado haijatoka.

Unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akiniambia redio imezima yenyewe, namwangalia mikono kwanza. Tabia hiyo niliipata sebuleni kwa bibi, mbele ya spika hizi hizi, nikiwa na miaka kama tisa.

Si spika za kawaida. Hazina sumaku wala ile karatasi ya duara inayotikisika. Ndani kuna utando wa plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu, umetandazwa katikati ya mabati mawili yenye matundu. Utando huo unalishwa umeme mkali, nao ndio unaocheza na kutoa sauti. Ukipitisha mkono karibu, vinyweleo vinasimama. Zilikuwa za mzungu mmoja wa kilimo aliyepanga nyumba ya juu yetu, na babu alikuwa akimtunzia bustani. Siku anaondoka, alimwachia babu spika, mashine ya kaseti, na kaseti moja ya kwaya ya kanisani kwetu, aliyoirekodi mwenyewe kwa maiki mbili, moja kushoto na moja kulia.

Babu aliimba sauti ya nne, na sauti ya nne ilisimama kulia. Alipofariki, tukabaki naye kwenye spika ya kulia. Bibi hakuwa na picha yake hata moja iliyotoka vizuri. Alikuwa na ile kaseti tu, na kila Jumapili baada ya ibada aliiweka, akavua viatu, akakaa.

Hakukaa peke yake. Jirani yetu wa chini ya mfereji, mama mmoja mshonaji, alikuwa anakuja na bakuli la makande lililofunikwa kitambaa. Walikuwa mashoga tangu usichana. Mimi nilimpenda kwa sababu ya cherehani yake. Ukipita kwake asubuhi unaisikia inakimbia, na yeye juu yake anaimba nyimbo za kwaya, na neno la mwisho la kila ubeti analivuta mpaka pumzi imwishie. Pale sebuleni bibi alikaa kiti cha kushoto, yeye cha kulia. Ukifika wimbo wa tatu alikuwa anainama karibu kabisa na spika na kufumba macho.

Bibi aliliona hilo. Aliliona muda mrefu kabla ya kulisema.

Nieleze kidogo kuhusu ukungu wa kwetu, maana wewe umezoea jua la huku chini. Msimu wa mvua unaingia mpaka chumbani. Chumvi inalowa ndani ya kopo, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu. Bibi alikausha kila kitu juu ya mafiga: mbegu za mahindi, maharage, hata kitabu cha nyimbo. Kitu kisichopitiwa na moshi hakukiamini. Kwa hiyo moja ya kazi zangu za asubuhi ilikuwa kubeba jiko la mkaa kutoka jikoni, mara nyingi likiwa bado linafuka, na kuliweka sebuleni mpaka ukungu uinuke. Nililiweka chini ya spika ya kulia, siku zote. Ile ya kushoto haikuwa na mtu.

Ndipo mwaka mmoja, katikati ya masika, babu akaanza kufifia. Jumapili ya kwanza tukadhani ni mvua kwenye bati. Ya pili, kulia kukawa na mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta, na kushoto wanawake wanaimba kama kawaida. Ya tatu, hakukuwa na kitu. Jirani aliinama kama alivyozoea, akaweka kiganja kwenye kitambaa cha mbele ya spika, akasikiliza, akasema taratibu, "Hayupo."

Jirani alipoondoka, bibi aliniuliza, "Umemwona alivyogusa?"

Nikasema nimemwona. Na kwa kuwa niliona amependa jibu langu, nikaongeza kwamba hata Jumapili iliyopita aligusa. Sikuwa na uhakika. Mtoto akigundua anasikilizwa, ulimi haushikiki.

Hapo bibi akanieleza mambo ambayo mtoto haelezwi: kwamba kabla ya yeye kuolewa, babu alikuwa ametajwa kumposa yule mshonaji. "Alimkosa akiwa hai," alisema. "Sasa amemchukua." Kesho yake akanioshesha lile bakuli na kunituma nilirudishe. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Unatia chochote, hata viazi viwili, hata ndizi moja mbivu. Nililibeba likiwa jepesi mpaka naona aibu. Jirani alilipokea, akafunua kitambaa, akatazama ndani, akakifunika tena. "Haya, mwanangu," alisema. Jumapili hakuja.

Fundi alikuja kutoka Same wiki mbili baadaye, na bibi alimshuku kabla hajaweka chini kiboksi chake. Kilichomtia wasiwasi ni mkono. Yule bwana alifanya kazi yote kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameuchimbia mfukoni.

"Mwangalie huo mkono," bibi alininong'oneza. "Ana kitu anaficha."

Nikamkazia macho mpaka akacheka. Akanieleza kwamba umeme wa chombo kile ukiingia mkono mmoja na kutokea wa pili, njiani unapita moyoni, ndiyo maana fundi mwenye akili hutumia mmoja. Leo nafanya vilevile, na wateja wananitazama kama tulivyomtazama yeye.

Hakufungua kitu kwanza. Aliweka kaseti, akasikiliza, halafu akazima na kubadilisha waya nyuma ya mashine: wa kulia akaupeleka kushoto, wa kushoto kulia. Akawasha. Babu akatoka kushoto, mzima, kifua chote. Bibi alikuwa amesimama, akakaa. Akafunika mdomo kwa khanga na machozi yakamtoka, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia.

"Bibi, kaseti nzima, mashine nzima," fundi alisema. "Mgonjwa ni hii spika."

Akachomoa umeme, akasubiri muda mrefu, akafungua nyuma. Akapitisha kidole kwenye bati la ndani, akatuonyesha. Kilikuwa cheusi tii.

"Hizi zinavuta vumbi lije lenyewe. Sasa hili ni masizi, na masizi yanaumwaga umeme wote, utando unakufa. Bibi, humu ndani mnawasha mkaa?"

Bibi aliniangalia. Mimi nikaangalia sakafu, palipokuwa na alama tatu za miguu ya jiko, zimeungua kwenye saruji nyekundu.

"Nani awashe mkaa sebuleni?" bibi alisema.

Fundi naye aliziona zile alama. Akafuta kidole, akafunga spika, akasema utando unatakiwa mpya na yeye hana. Tangu siku hiyo waya ulibaki hivyo hivyo, babu kushoto. Jiko halikuingia tena sebuleni, na hakuna aliyesema kwa nini. Nilisubiri bibi anitume kwa jirani na bakuli lenye kitu. Hakunituma. Jambo moja tu lilibadilika, nalo nililishuku bila kulielewa: ukikaribia wimbo wa tatu, bibi aliinuka na kuipeleka kaseti mbele. Nikimuuliza, alisema pale imeharibika.

Jirani alihamia Maore kwa mwanawe kabla sijamaliza shule ya msingi. Amefia huko. Cherehani iliuzwa, na nyumba yake wamebomoa. Watoto wa pale Suji leo hawajui kama chini ya mfereji kulikuwa na mtu aliyekuwa anaimba asubuhi.

Jana nimemaliza kazi. Nimetandaza utando mpya, nimeukaza kwa joto, nimeupaka unga wa risasi ya penseli ili ushike umeme. Ili kuijaribu, mkono mmoja mfukoni, nikazima upande wa kushoto, nikabakiza spika ya kulia peke yake, na waya nikaurudisha mahali pake pa zamani. Babu akaingia. Nikaiacha kaseti iende mpaka wimbo wa tatu, nikitafuta palipoharibika.

Hapajaharibika. Chini ya sauti ya nne, karibu na maiki, kuna mwanamke mmoja wa sauti ya pili. Kwaya inamaliza ubeti, wote wananyamaza, babu ananyamaza, na yeye bado analivuta lile neno la mwisho mpaka pumzi inamwishia.

Jirani hakuwa anamfuata babu. Alikuwa anakuja kujisikiliza mwenyewe, ana miaka ishirini na kitu, anaimba. Hakuwa na kaseti. Hakuwa na mahali pengine pa kujisikia ila pale kwetu, kwenye kile kiti.

Na bibi alijua. Nimeurudia ule wimbo mara nne na kila mara nimezidi kuamini kwamba alijua, tangu waya ulipohamishwa na wimbo huo ukahamia spika iliyo karibu na kiti chake. Ningependa kumkasirikia peke yake. Lakini aliyesema "nimemwona" ni mimi, na jiko nilibeba mimi, na lile bakuli tupu nililipeleka kwa mikono yangu miwili.