Tembo Aliyekosa Mkonga

Tembo alianza vizuri tu. Masikio yakatokea, mgongo ukatokea, kimkia kikatokea kidogo hivi, kitamu. Mashine ya kudarizi ikafika usoni, ikaanza mkonga, halafu kimya. Sindano iko juu, uzi unaning'inia, na kwenye skrini ya kompyuta mshale umesimama katikati kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alifuata nini.

"Imeganda tena," Mama Bobini akasema.

"Huyo ni tembo au nguruwe?" wifi yake akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Wifi, usinianze."

"Mimi nauliza tu. Mtoto akivaa aproni ya nguruwe na mwalimu kaandika tembo, atalia nani? Si mtoto!"

Sasa hawa wawili ndio wenye chumba. Ni sebule ya zamani iliyogeuzwa ya kushonea, dirisha moja linaangalia barabarani, vipande vya vitambaa mpaka chini ya makochi. Mama Bobini ameolewa na kaka yake wifi. Jina amelipata kwa sababu bobini za uzi hazimtoki: mfukoni zimo, kwenye pochi zimo, siku moja mumewe alizikuta kwenye kopo la sukari. Wifi yeye anakanyaga cherehani ya miguu tangu msichana, na mdomo wake una kasi kuliko hiyo cherehani.

Mashine ya kudarizi ilikuwa wazo la Mama Bobini. Aliiota, aliizungumza, aliimba habari zake mpaka ukoo mzima ukachoka. Mwenye duka akakubali waichukue kwa majaribio, wakiipenda walipe. Unaiunganisha na kompyuta kwa waya, unachagua mchoro, inachora yenyewe kwa uzi. Wifi hakuitaka tangu siku ya kwanza. Akasema kitu kisichokanyagwa hakiaminiki. Basi wakapatana: wapate kazi moja kubwa, waimalize kwa hiyo mashine. Ikikamilika, mashine inabaki. Ikishindikana, inarudi dukani na isitajwe tena humu ndani.

Kazi ikaja. Aproni za chekechea, kila mtoto na mnyama wake, kwa sababu watoto hawajui kusoma ila kila mmoja anamjua mnyama wake hata ukimwamsha usingizini. Mwalimu anakuja kuzichukua leo jioni. Majaribio ya duka yanaisha kesho.

Na kompyuta, jamani, ilikuwa nzima! Kizee cha mumewe, kizito kama jiwe la kusagia, lakini kinafanya kazi. Mpaka wiki hii kilipotoa ujumbe kwamba kuna mfumo mpya, je, ungependa kuuweka? Mama Bobini akaona ameulizwa kwa adabu, akabonyeza ndiyo. Mtu akikuuliza vizuri utamkatalia? Mfumo ukaingia, skrini ikapendeza, picha ya milima na nini. Tangu hapo ni kuganda tu. Chui nusu. Kobe mwenye kichwa bila miguu. Twiga ameishia mabegani. Na anayefumua nyuzi kwa wembe ili kitambaa kitumike tena ni nani? Wifi. Ndiyo maana mdomo haukauki.

Fundi wa kompyuta alishakuja jana, na leo akaitwa tena. Mtaa mzima unamwita Zima-Washa, kwa sababu ndiyo dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa. Mtu mzima, mpole, tumbo linatangulia kidogo. Akaingia, akasalimia, akavuta kiti.

"Mama, umejaribu kuzima na kuwasha?"

Wifi akacheka mpaka akaacha kukanyaga.

"Nimezima, nimewasha, nimeomba," Mama Bobini akasema. "Kaa hapo uone mwenyewe."

Fundi akakaa. Akawasha, akashika mausi, akaanza kupekua. Akaangalia kama diski imejaa: haijajaa. Akaangalia joto: iko baridi. Akaondoa programu moja aliyoitilia shaka. Huku mashine imewekewa tembo upya, inadunda tatata tatata, na fundi anafungua hiki, anafunga kile. Tembo akatoka mzima! Mkonga mpaka ncha!

"Imepona," fundi akasema, anajifuta jasho kwa furaha. "Ilikuwa ile programu."

"Ulisema hivyo hivyo jana," wifi akamkumbusha. "Jana ilikuwa waya."

"Jana ilikuwa waya kweli, dada."

Akaaga. Hajafika hata kwa muuza maji wa kona, Mama Bobini akaweka simba. Simba akaota manyoya upande mmoja. Kimya.

"Fundi!" Mama Bobini akapiga kelele dirishani. "Fundiii! Rudi!"

Majirani wakageuka. Fundi akarudi, uso umemshuka.

"Kompyuta imekupenda wewe," wifi akamwambia. "Ukiwepo inacheka, ukitoka inanuna. Hamia hapa. Tutakutandikia chini ya meza."

"Mimi naona tuifute yote," fundi akasema. "Tuweke mfumo upya, kuanzia sifuri. Ila itachukua mpaka usiku."

Mama Bobini akaangalia rundo la aproni tupu. Mpaka usiku, na mwalimu anakuja jioni. Hapo ni sawa na kuibeba mashine kuirudisha dukani. Lakini mgeni ni mgeni, akaenda jikoni.

"Kwanza unywe chai, fundi. Kichwa chenye njaa hakifikirii."

Wakawasha tena, wakaweka kobe, wakamkabidhi fundi kikombe cha moto kisichoshikika kwa mkono mmoja. Akakishika kwa yote miwili, anapuliza, anasimulia habari za mtoto wake anayeng'oka meno. Mashine tatata tatata. Gamba la kobe likajaa. Kisha kimya.

Wote watatu wakaitazama.

"Haa!" wifi akasema. "Leo imenuna na mpenzi wake yupo!"

Fundi akainamia skrini. Lakini Mama Bobini hakuitazama kompyuta. Alikuwa anaitazama mikono ya fundi kwenye kikombe.

"Fundi," akasema taratibu, "ulipokuwa unapekua tembo akamalizika, mikono yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye mausi."

"Na sasa?"

Fundi akakitazama kikombe kama vile kimemtukana.

Hapa kuna jambo ambalo hakuna fundi angelijua bila kuambiwa. Chumba hiki kina sheria. Mashine ikianza kudarizi, hakuna mtu kugusa meza. Siku za mwanzo wifi aliwahi kubonyeza mausi kwa kiwiko, mchoro ukaruka, paka akaota mguu kifuani. Tangu siku hiyo Mama Bobini akianzisha mnyama anafunika mausi kwa bakuli la plastiki, anakwenda kukata vitambaa mbali kabisa. Kompyuta inabaki peke yake, haiguswi hata na inzi.

"Funua hilo bakuli, wifi," akasema.

"Mimi? Ulisema nikigusa utanikata kidole!"

"Leo nakubembeleza. Kaa hapo, uwe unaitikisa mausi kidogo kidogo. Usibonyeze chochote. Tikisa tu, kama unabembeleza mtoto."

Wakaanza kobe mwingine. Wifi akakaa mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka kama anapigwa picha, mkono unakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia. Anavyonuna! Lakini hakuacha. Gamba likajaa. Kichwa. Miguu. Mkia. Kobe mzima mzima!

"Mimi na umri wangu huu," wifi akasema, "nimekuwa yaya wa kompyuta."

Fundi kwa msisimko akaigonga meza kwa goti, chai ikamwagika kidogo na hakuna aliyejali. "Inasinzia! Mfumo mpya unaona haiguswi, unailaza ili ipunguze kula umeme. Diski inalala. Na diski yenyewe ni ya zamani, ikishalala haijui kuamka!"

"Kama kaka yangu," wifi akasema.

"Niache na mume wangu," Mama Bobini akasema, lakini alikuwa anacheka.

Fundi akamwomba wifi nafasi, akaingia ndani ya mipangilio, mlango ndani ya mlango, mpaka akafika panapohusu umeme. Akaonyesha kwa kidole: diski ilale isipotumika. Imewekwa ndiyo, na hakuna aliyeulizwa. Akaweka hapana. Chini yake kuna nyingine, ya kulaza vitu vilivyochomekwa kwa waya. Nayo hapana.

"Sasa mtu yeyote asiguse," akasema.

Wakaweka simba. Wakakaa wamejikunyata mbali na meza, mikono mapajani, kama watoto wanaosubiri kuchomwa sindano. Manyoya ya kushoto. Manyoya ya kulia. Wifi akashika mkono wa Mama Bobini bila kujijua. Macho, pua, sharubu. Mashine ikakata uzi yenyewe, ikalia kengele yake ndogo, basi.

"Ameisha!" Mama Bobini akaruka. "Ameisha wifi! Ana sharubu!"

Mchana wote ukawa tatata tatata. Mama Bobini anatega kitambaa, wifi anapunguza nyuzi na kushona mikanda, na nyimbo anaimba, tena za mapenzi. Fundi alipoondoka aliondoka na mfuko wa maandazi, na hakuna aliyemwita dirishani.

Mwalimu wa chekechea alikuta aproni zimekunjwa kwenye kochi. Akazifungua moja moja, alipofika kwa tembo akaupitishia mkonga kidole chake, akacheka peke yake.

"Huyu wa mtoto mmoja mtundu sana," akasema. "Atalala nayo. Mama Bobini, na mapazia ya darasa je? Mnaweza kuweka ndege?"

Mama Bobini akafungua mdomo ajibu. Wifi akamuwahi.

"Tunaweza, mwalimu. Mashine yetu inaweza chochote. Ndege, samaki, ukitaka na mwenyewe tunakudarizi."

Yetu! Mama Bobini akainamisha uso kwenye aproni, anajifanya anatafuta uzi uliobaki.

Mwalimu alipotoka, wifi akachukua simu, akampigia mwenye duka akamwambia kesho asiwasubiri, mashine haiji ng'o. Akakata. Akavuta kiti mbele ya kompyuta, akawasha skrini.

"Haya, wifi, nionyeshe ndege wako wapi humu. Na unisogezee mwanga, nimechoka kuona kwa kukisia."