Boga Lililodungwa kwa Niaba Yangu

Nianze na upumbavu wenyewe ili yaishe. Kwa karibu wiki tatu, nikiwa kidato cha pili, dawa yangu ya jioni ya kisukari nilikuwa nalichoma boga. Boga la kula kabisa, la kijivu lenye mistari, lililowekwa chini ya kitanda changu pamoja na wenzake baada ya mavuno. Nilivuta insulini kwenye bomba la sindano kama nilivyofundishwa, nikagonga bomba kwa ukucha kutoa hewa, nikainama, nikalidunga boga ubavuni. Halafu nikasema "ssss!" kama mtu anayeumia, kwa sababu upande wa pili wa pazia mama alikuwa anasikiliza.

Mama yangu hawezi kuangalia sindano. Tangu nilipoanza kuumwa, nikiwa darasa la tano, hugeukia ukutani mpaka asikie hiyo "ssss", ndipo anauliza, "Tayari?"

"Tayari, mama."

Boga halikusema kitu. Lilikuwa mgonjwa mzuri kuliko mimi.

Sitaki mtu afikiri nilikuwa nimechoka kuishi. Niliacha sindano ya jioni kwa sababu niliogopa kufa. Naomba nieleze, maana hata mimi nikiisoma hiyo sentensi nacheka.

Sindano inashusha sukari mwilini. Ikishuka kupita kiasi ukiwa macho, unatetemeka, unatoka jasho, unakula kitu kitamu, maisha yanaendelea. Ikishuka umelala, inategemea nani yuko karibu. Karibu yangu alikuwa kaka. Tulilala kitanda kimoja tangu nikiwa mdogo, na yeye alikuwa na usingizi mwepesi kama wa mbuzi mwenye kitoto. Nikianza tu kutetemeka, napigwa kiwiko cha mbavu.

"Dogo. We dogo! Amka unywe."

Sukari ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya sanduku. Alikoroga kwenye kikombe gizani, akanishika kichwa, akanimiminia. Asubuhi alilalamika, "Umenilowesha jasho utafikiri nimelala mtoni," na mimi nikamwambia ashukuru, wengine wanaoga kwa mwezi mara moja.

Halafu kaka akaondoka. Miaka ile kila kijana mwenye mikono miwili alikuwa anakwenda Mererani kuchimba mawe ya bluu, na wa kwetu naye akafunga begi la mtumba. Ni kipindi hicho hicho tulichoambiwa kwamba hatuko tena Mkoa wa Arusha, tuko Manyara. Mwalimu akatufanya tufute Arusha kwenye majalada ya madaftari yote. Sisi tulihama mkoa tukiwa tumekaa kwenye madawati. Kaka alihama kweli.

Aliniachia blanketi zima. Kwa miaka mingi nilikuwa nagombania hilo blanketi, nikajua siku nikilipata peke yangu nitakuwa mfalme. Nililipata. Halikupata joto. Kwetu, juu huku upande wa Dongobesh, baridi inalala na wewe kama ndugu, na nafasi ya kaka kitandani ilikuwa imepoa kiasi kwamba nilijifunza kutonyoosha mguu upande ule.

Mtu atauliza, si ungemwita mama? Hapo ndipo tatizo. Likizo iliyotangulia nilikuwa nimetoka jandoni. Kijana aliyetoka jandoni haiti mama usiku, na mama haingii anapolala kijana. Hakuna mahali palipoandikwa, lakini jaribu uone utakavyochekwa njia nzima ya shule. Baba alikuwa ameshafariki zamani. Kwa hiyo ndani ya nyumba usiku tulikuwa mama upande wake, mimi upande wangu nyuma ya pazia, na ng'ombe wawili nyuma ya ukuta wa miti, wanacheua. Ng'ombe ndio walionipa kampani. Nilisikiliza wanavyotafuna, wakinyamaza nikashtuka.

Sasa, mikono. Ganzi ilianza kwenye ncha za vidole, ikapanda polepole, mpaka ikawa kama nimevaa soksi mikononi. Nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Nikaenda shule kifua wazi, nikawaambia ndiyo fasheni mpya iliyoshuka mnadani Haydom, na siku mbili baadaye wenzangu watatu nao wakaja vifua wazi, wakachapwa wote. Biro ilinidondoka mara tano kipindi kimoja. Mwalimu akasema nafanya mchezo. Darasa likacheka, nami nikasimama nikainama kama mwanasiasa. Kuwachekesha ni rahisi kuliko kueleza.

Nyumbani kukamua ilikuwa kazi yangu. Nikishika chuchu ya ng'ombe sijui kama nimeminya au nimepapasa. Ng'ombe aligeuza shingo akaniangalia, kama anayeuliza huyu mgeni katumwa na nani.

"Mbona maziwa yamepungua?" mama aliuliza.

"Baridi, mama. Vidole vimeganda."

Kwetu baridi ni kisingizio kizuri, kinapatikana mwaka mzima.

Usiku ulionimaliza ulikuja kama wiki mbili baada ya kaka kuondoka. Niliamka nimelowa, moyo unakimbia, mwili mzima unatetemeka. Nilijua ni nini. Nikapapasa juu ya sanduku, nikalipata kopo. Mfuniko haukufunguka. Vidole vilikuwa juu ya mfuniko, naviona kwa mwanga mdogo wa koroboi, lakini vilikuwa kama vya mtu mwingine. Nilisukuma, vikateleza. Nililibana kopo kwa magoti. Nililigonga kitandani, polepole, ili mama asisikie. Hebu fikiria: mtu anakufa, na bado anajali asipige kelele. Mwisho nililitia mdomoni, nikang'oa mfuniko kwa meno, sukari ikamwagika kifuani na kitandani, nikailamba hapo hapo kama ndama anavyolamba chumvi.

Asubuhi nilikuwa na kidonda kwenye ufizi. Nilisema nimejiuma nikila mahindi. Lakini kuanzia jioni ile nilipoliona bomba la sindano niliona mfuniko. Nikapiga hesabu ya kijinga: bila sindano ya jioni, sukari haishuki, isiposhuka, sihitaji kopo, nisipohitaji kopo, sihitaji mikono wala kaka. Nikalitazama boga.

Hesabu ilikuwa na shimo moja kubwa. Sukari ikipanda, ganzi inazidi. Hilo niliwahi kuambiwa, ila niliambiwa nikiwa naangalia panya anavyopita kwenye kenchi, na panya alikuwa anavutia zaidi. Nilianza kunywa maji kama trekta. Usiku nilitoka nje mara nne, mara tano. Na hapo nikakutana na maabara ya mama.

Nyuma ya zizi kuna jiwe bapa. Tangu nilipoumwa mama aliniamuru nikojoe hapo tu, si penginepo, na kila asubuhi akiwa anapeleka ng'ombe anapita kuangalia sisimizi. Sisimizi wakiwepo, sukari imepanda. Wasipokuwepo, tumshukuru Mungu. Hakuna mganga aliyemfundisha, aligundua mwenyewe. Sasa nilipoacha sindano, sisimizi walikuja ukoo mzima, na wajomba, na wageni wa harusi. Nikaanza kuamka kabla ya mama, nikamwaga majivu ya jikoni kwenye jiwe, nikalisugua, nikayafagia. Sisimizi hawapendi majivu.

Nilimwona mama asubuhi moja amesimama pale kwenye ukungu, kanga kichwani, ameinama anaangalia jiwe safi. Akajipiga kifua kidogo, akasema peke yake, "Asante Bwana." Nilikuwa ndani ya zizi na ndoo, namchungulia. Kila kitu nilichofanya mwaka ule ninaweza kukitania, isipokuwa hicho.

Na usiku? Usiku niliendelea kuogopa vile vile. Sukari ilikuwa juu, hakukuwa na sababu, lakini mwili haukujua. Nikisinzia nashtuka. Nilijaribu kuhesabu kutafuna kwa ng'ombe, nikajaribu kufikiria utani wa kesho shuleni. Utani unaoutunga peke yako gizani hauchekeshi.

Mambo yaliharibika siku moja, tukitoka shule. Wenzangu waliwasha moto pembeni ya shamba, wakaweka mahindi mabichi kwenye makaa. Wa kwetu mmoja mwenye mdomo akasema hakuna mwanamume wa kutoa hindi bila kijiti. Nikasema, "Mtu huyu hapa." Nikapeleka mkono kwenye makaa, nikachukua hindi, nikalishika, nikaligeuza, nikalipuliza taratibu, nikaanza kula.

"Lo! Huyu si mtu, ni koleo!"

"Mpe la pili!"

Nikatoa la pili. Nikatoa la tatu. Walipiga makofi, wakaniimba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kaka aondoke kujisikia niko na watu. Kisha mmoja akaacha kucheka, akanusa.

"Jamani, mnasikia harufu? Ni mkono wake."

Nikaangalia kiganja. Malengelenge yalikuwa yameshavimba, makubwa, meupe, moja limepasuka. Sikuwa nimesikia kitu. Wao ndio waliokunja sura, wakatikisa mikono yao kana kwamba wameungua wao. Hakuna aliyeimba tena. Nilirudi nyumbani mkono mfukoni, peke yangu, wao wakiwa hatua ishirini nyuma, wananong'ona.

Nilipoingia ndani mama alikuwa amepiga magoti chumbani kwangu. Mchana anaruhusiwa. Alikuwa amevuta boga kutoka chini ya kitanda, lile lile, ameliweka juu ya ungo, na kisu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo tunakula boga na maziwa. Hili limeiva, ona lilivyolainika huku ubavuni."

Limelainika! Nilijua kwa nini limelainika. Na nilijua, au nilidhani najua, kwamba mtu asiye na kisukari akila dawa ya wiki tatu kwa mkupuo atakufa kabla ya kushiba. Kisu kilishaingia kwenye ganda.

"Mama, usilikate!"

Nililirukia boga kwa mikono yote miwili. Yote miwili. Mama akaangalia boga, akaangalia mkono. Akaweka kisu chini.

"Huo mkono umefanya nini?"

"Mahindi."

"Na boga?"

Hapo nilitafuta utani, naapa nilitafuta. Sikupata hata mmoja. Nikamwambia: dawa iko humo. Alichukua kitambaa safi, akanifunga mkono, kisha, kwa mara ya kwanza tangu niumwe, alitoa chupa ya insulini kwenye chungu cha mchanga wenye maji tunakoihifadhia, akanipa, akakaa mbele yangu, akaangalia mpaka sindano ilipoingia pajani. Alikuwa amekaza meno. Nilisahau kusema "ssss".

Alfajiri tulipanda basi kwenda hospitali, Haydom. Daktari alinisafisha kiganja na mimi nikamtazama kama anayefua nguo ya mtu. Akanichoma kijiti kwenye vidole kimoja kimoja, nimefumba macho, niseme wapi. Nilikosea karibu vyote. Akasema ganzi inaweza kupungua nikichoma dawa kama inavyotakiwa, polepole, na huenda isiishe yote. Akapunguza dozi ya jioni, akaniambia nile kitu kabla ya kulala. Kuhusu boga, alitoka nje kidogo. Nilimsikia akicheka ukumbini. Aliporudi akasema insulini ikiliwa haifanyi kitu, tumbo linaimaliza. Kwa hiyo nilijikamatisha bure.

Tulikaa kwenye benchi la nje kusubiri basi la kurudi, kati ya wagonjwa na vikapu vyao. Mama akauliza, bila kuniangalia, "Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya kopo. Meno, magoti, sukari kifuani, na jinsi nilivyoligonga polepole ili asisikie. Nikamwambia kwamba nikifunga macho naona sitayafungua, na kwamba tangu kaka aondoke sijalala usiku mzima hata mmoja. Nilisema haraka haraka, nikiangalia bandeji, nikingoja kofi au kilio.

Mama alikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha alisema hivi, naandika kama alivyosema:

"Na mimi silali. Ukinyamaza nakuja mpaka kwenye pazia, nasikiliza unavyopumua, narudi, kwa sababu nimeambiwa wewe ni mtu mzima. Leo nahamishia mkeka wangu ndani ya pazia lako. Wakikucheka shuleni, waambie mama yako ndiye anayeogopa kulala peke yake. Hutakuwa umewadanganya."