Sahani ya Bi Moza Chini ya Ngazi

Bi Moza aliuza vifungo, zipu na nyuzi Kariakoo tangu ujana wake, na mafundi cherehani wote waliujua ulimi wake. Ukimpelekea kitambaa akutafutie kifungo, atakusuta kwanza kwa rangi uliyochagua, ndipo akuuzie. Kiharusi kilipomchukua mguu na mkono wa kushoto, ulimi kilimwachia. Mwenyewe alisema Mungu hakutaka kugusa mtaji.

Mtaa uleule kuna kituo cha wazee: mazoezi ya viungo, kupimwa presha, chakula cha mchana na umbea wa kutosha. Kila asubuhi mpwa wake, Najma, alimsukuma hadi hapo kabla ya kwenda kazini. Bi Moza ni mjane, na hapo ndipo palipokuwa na watu wake. Kisha msimamizi, Bwana Isidori, akawapangisha wauza mabegi ukumbi wa chini, wazee akawahamishia ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Wenye miguu wakapanda. Bi Moza akabaki chini ya ngazi na kiti chake cha magurudumu, akishushiwa sahani ya wali huku mikokoteni ikimpita magotini. Mazoezi hayakushuka, wala umbea.

"Huduma yetu ni ya wazee wanaojiweza, mama," Isidori alimwambia. "Ukiona tabu, pumzika nyumbani."

Kujiweza! Neno hilo linanitia hasira mpaka leo. Mzee anayejiweza anatafuta nini kituoni?

Najma alipeleka malalamiko ustawi wa jamii. Wakangoja, wakangoja tena, hadi wakaambiwa ofisa, Bi Angelina, atakuja kujionea. Siku hiyo Bi Moza alivaa kanga mpya, akataka akutwe palepale chini ya ngazi.

Sasa nenda kawaambie watu wa Kariakoo wamwache bibi aliyependeza ampokee mgeni njiani. Rogath, mbeba mizigo, na wenzake wawili walimwona, wakaona aibu.

"Shikamoo bibi. Leo mna ugeni, halafu wewe umewekwa huku chini? Haiwezekani!"

"Marahaba. Niacheni, wajukuu zangu, nina sababu..."

"Sababu utatuambia huko juu."

Wakamnyanyua na kiti chake kama jora la kitambaa. Alipiga kelele, wakadhani anaogopa kuanguka, wakambembeleza. Juu wazee wenzake walimshangilia, wengine machozi yakiwatoka kwa kumwona tena. Kelele hazijatulia, ofisa akaingia.

"Mama, si wewe uliyesema hufiki huku?"

"Nimebebwa, mwanangu. Ni leo tu."

"Hapa tunaishi kindugu," Isidori akadakia, akimpiga Rogath begani. "Tunabebana."

Rogath alitabasamu, jasho likimtoka. Bi Moza alimtazama, na ulimi wote ule ukamshinda. Angewezaje kusema mbele ya kijana yule kwamba wema wake umemponza? Alijaribu tena, akasema kesho hatakuwapo wa kumbeba, lakini ofisa alikuwa ameshageukia wengine.

Jibu la ustawi wa jamii lilikuja: mlalamikaji hufika ukumbini kwa msaada uliopo, ubaguzi hakuna.

Asubuhi iliyofuata mzigo wa vitambaa ulikuwa umeingia sokoni, na Rogath na wenzake hawakuonekana. Bi Moza alikaa chini ya ngazi, harufu ya pilau ikimshukia, mpaka mchana ukapita. Isidori aliposhuka, Bi Moza alimuuliza sahani yake iko wapi.

"Hatushushi tena, mama," alimjibu kwa upole. "Wewe si unapanda? Chakula chako kiko juu."