Chujio la Mama wa Kibrazili

Usafi nimerithi kwa mama yangu, na kiherehere pia. Mwaka wangu wa kwanza Scarborough, Kanada, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nafanya kazi kiwandani, na binti yangu wa miaka miwili alishinda kwa jirani wa mlango wa pili, mjane kutoka Brazili. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Yule mama akikataa, na kazi sina.

Kila nilipokwenda kumchukua mtoto alinipokea na kikombe kidogo cha kahawa, nyeusi, tamu kama shira. Nilikunywa kidogo kwa adabu tu. Mimi ni mtu wa chai.

Jumamosi moja alikwenda kumlaza mtoto, nikaona nimwoshee vyombo. Juu ya sinki lilining'inia chujio lake la kahawa, la kitambaa, jeusi tii. Nikajisemea, maskini, uzee huu, macho hayaoni tena. Nikalitia sabuni ya unga, nikalifikicha, nikalisuuza, nikalifikicha tena mpaka likawa jeupe. Nikalianika huku najisifu.

Aliporudi jikoni alilinusa, kisha akakaa kitini.

"Mwanangu, hili haliguswi na sabuni. Ni maji tu, miaka yote."

Lilishonwa na marehemu mama yake, akanieleza. Bibi yake alizaliwa mtumwa kwenye shamba la kahawa. Watu wake waliichuma, bwana akainywa, wao wakachemsha tena makapi yaliyobaki. Walipoachwa huru, bibi alishona chujio lake mwenyewe, akaapa kwamba hakuna atakayeingia kwake atoke bila kumiminiwa kahawa. Mabinti wakaufuata mtindo huo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikuja na sabuni. Niliona aibu hata kuaga, na usiku kucha niliiona Jumatatu imefika, mlango wake umefungwa.

Jumapili nilikata shuka langu jipya la pamba, nikashona chujio kwa mkono, nikampelekea. Alikagua mshono, akaguna. Akalichemsha kwenye makapi ya kahawa ili litoke harufu ya dukani. Tukakaa kulingoja, nami sikuthubutu kuuliza kama atampokea tena mtoto.

"Kwenu mnaipikaje?" akaniuliza.

Ilibidi niseme kweli. Baba yangu alilima kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro maisha yake yote. Tuliichuma, tukaimenya, tukaianika, tukaipeleka chama cha ushirika. Ilikuwa ya karo, si ya kunywa. Sisi tulikunywa chai. Baba amekufa hajui kahawa yake ina ladha gani. Nilipofika hapo machozi yakanitoka, maana mpaka siku ile sikuwahi kuona kwamba kuna kasoro yoyote katika jambo hilo.

Alinyanyuka, akamimina vikombe vitatu. Kimoja chake, kimoja changu. Cha tatu akakisogeza mbele yangu vilevile.

"Kesho mlete mtoto kama kawaida," akasema. "Na hiki ni cha baba yako. Mnywee."