Bendera ya Shigela

Masele alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Igoma, mtu mpole asiyependa makuu. Jambo moja tu lilimvimbisha kichwa: shabaha. Kila Jumamosi alikwenda kwenye uwanja wa klabu, nje kidogo ya Kigongo, na bunduki ya marisau aliyorithi kwa baba yake, kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Usicheke. Ni mchezo wenye mashindano na makombe, na katika Kanda ya Ziwa nzima Masele alikuwa moto wa kuotea mbali. Alibakiza mchujo mmoja tu aingie timu ya kwenda Dar es Salaam, na timu hiyo aliitamani kuliko chakula.

Mrushaji wake alikuwa shemeji yake Shigela, mume wa mdogo wake Dorcas. Klabu haikuwa na mashine ya umeme. Ilikuwa na mtambo wa springi ambao Masele mwenyewe aliuchomelea, na Shigela alikaa nao ndani ya shimo mbele ya wapigaji. Masele akiita "Rusha!", Shigela alifyatua, mtambo ukalia kwa!, kisahani chekundu kikaruka kuelekea ziwani. Sheria moja haikuwa na mjadala. Mtambo ukikwama, Shigela ainue bendera nyekundu kabla hajatoka shimoni, na mpigaji akiiona tu, afungue bunduki atoe risasi.

Sasa, mwaka juzi jicho la kulia la Masele lilianza kuweka ukungu, na la kushoto likafuata polepole. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji. Masele alikataa katakata. Aliogopa kwamba akishajulikana ana macho mabovu, kibali cha bunduki kitachukuliwa na timu ataisikia redioni. Akajitia hamnazo. Akaanza kupiga kwa masikio: akisikia kwa!, anageuka, anatafuta wekundu wowote unaokwenda, anafyatua. Na alipata! Akajisifu moyoni kwamba uzoefu unatosha.

Maskini, hakujua kwamba Shigela alikwishagundua. Kila zamu ya Masele ilipofika, Shigela aliugeuza mtambo kidogo, kisahani kikaenda kushoto, upande ambao Masele aliona nafuu. Hakumwambia mtu, hata Dorcas. Alidhani anamsitiri shemeji yake. Wema wa namna hiyo ulistahili viboko, lakini nani angemchapa?

Jumamosi ya mwisho kabla ya mchujo walikuwa wawili tu uwanjani. Jua lilikuwa limeshukia upande wa Busisi, likimpiga Masele usoni.

"Rusha!" aliita.

Kimya.

"Rusha basi, shemeji!"

Mtambo ulikuwa umekwama. Shigela akainua bendera, akaipunga, akangoja kama sheria ilivyotaka. Kisha akatokea upande wa kulia wa shimo, ameinama, bendera ingali juu, na kwa mkono wa pili akaugonga mtambo. Springi ikaachia. Kwa!

Masele akageuka. Upande wa kulia, chini chini, kitu chekundu kilikuwa kinapita. Akafyatua. Akaona wekundu ule unaruka na kuanguka, na moyo wake ukafurahi kabisa. Alifurahi mpaka aliposikia mtu analia.

Alimkuta Shigela amejishika uso, damu inapita katikati ya vidole. Bendera ilikuwa kando yake, imetobolewa kama chujio. Masele aliiokota, akaisukumiza kwenye mfuko wa koti, kisha ndipo akamwinua shemeji yake. Ndiyo, kwa mpangilio huo.

Madaktari hawakuweza kuyaokoa macho ya Shigela, hata moja. Askari walipokuja kitandani kumhoji, aliwajibu kwa sauti tulivu: "Sikuinua bendera. Nilisahau."

Walipoondoka, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Masele.

"Shemeji, nenda katibiwe macho. Nilikuwa nakurushia kushoto makusudi, ningesema mapema tusingefika hapa. Na ukifungwa wewe, nani atamsaidia Dorcas na watoto?"

Masele aliona aibu. Ushindi wake wote wa karibuni alipewa na mtu huyu, na sasa anapewa hata uongo huu wa kumwokoa.

Mlango ukafunguliwa, Dorcas akaingia na chupa ya uji.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Asante kwa kumwahisha hospitali. Usijilaumu kabisa, kaka yangu. Tumeshaambiwa ilivyokuwa." Akamgeukia mumewe, machozi yakimtoka. "Lakini wewe, baba Kija! Kitambaa tu! Kuinua kitambaa tu kulikushinda nini? Ona sasa!"

Shigela aligeuza uso wake uliofungwa bandeji upande wa Masele, akangoja.

Masele alitia mkono mfukoni, akaigusa bendera. Vidole vyake vikapita kwenye matundu, moja baada ya jingine. Akafumbua mdomo.

"Pole, mdogo wangu," akasema.

Dorcas akaketi kitandani, akaendelea kumgombeza mumewe huku akimnywesha uji.